Mdomo ukipinda, angalia saa
(Maneno ya timu ya afya ya jamii mbele ya wanachama, mkutano wa mwezi, Baraka)

Mwenyekiti ametuomba tusiwe warefu juu mvua inakuja na wengine wanarudi mbali kwa miguu. Tutajaribu. Lakini habari ya leo ni nzito, na sisi wa timu ya afya tuko na deni nayo.

Tuanze na hilo deni. Kuko mzee wetu mmoja, wengi hapa mlimfahamu, hatutamtaja jina. Mwaka jana tulimpima tansiyo tulipokuwa tunazunguka vijijini. Mashine ikaonyesha 190 juu ya 110. Tukamuambia, "Baba, lazima uende kituo cha afya." Akasema ndiyo. Tukaandika kwenye daftari, tukapanda pikipiki, tukaenda zetu. Hatukurudi kuuliza kama alienda. Hakwenda. Kwa nini aende? Kichwa hakikumuuma, alikuwa analima, anakula vizuri.

Miezi mitatu kisha, asubuhi, kikombe cha chai kikamponyoka. Mdomo ukapinda upande mmoja, maneno yakawa hayaeleweki. Nyumbani mmoja akasema, "Hiyo ni karuho, wamemupa sumu." Mwingine akasema ni pepo. Wakamnywesha maziwa na mafuta ya mawese ili atapike. Wakamchanja chale. Kisha wakampeleka kwenye chumba cha maombi, siku tatu. Siku ya nne njo wakambeba na kipoyi hadi hospitali, na hapo mapafu yalikuwa tayari yameharibika, juu yale maziwa na mafuta hayakushuka tumboni, yaliingia kwenye njia ya pumzi. Tulimzika juma lililofuata.

Hatusemi kama angepona kabisa. Hilo hakuna anayelijua. Lakini yale maziwa hayakuwa ya lazima. Na sisi tulikuwa na namba yake kwenye daftari.

Ugonjwa huu njo kiharusi. Wengine wanaita kupooza, waganga wa hospitali wanasema AVC. Wale waliolima mpunga wataelewa haraka. Shamba linaishi kwa maji ya mfereji. Takataka zikiziba mfereji, sehemu ya shamba inakauka. Ukingo ukipasuka, maji yanamwagika pasipotakiwa na kuharibu mpunga. Ubongo ni vilevile, tofauti ni kwamba unaishi kwa damu. Donge la damu linaweza kuziba mshipa, ao mshipa unapasuka. Mpunga unaweza kuvumilia siku mbili tatu bila maji. Ubongo hauvumilii hata dakika. Waganga wamepiga hesabu kwamba mshipa mkubwa ukiziba, kila dakika zinakufa chembe za ubongo karibu milioni 2. Na ubongo wa upande wa kushoto njo unaongoza mkono na mguu wa kuume, kwa hiyo usishangae ukisikia ugonjwa uko kichwani wakati mguu njo umekataa kutembea.

Kuutambua si kazi ya munganga peke yake. Hata mtoto wa darasa la tano anaweza. Mwambie mtu acheke, uone kama mdomo unaenda upande mmoja. Mwambie ainue mikono yote miwili mbele na afunge macho, uone kama mmoja unashuka wenyewe. Mwambie aseme sentensi moja kwa luga yake, Kibembe ao Kifuliiru, uone kama inatoka sawa. Kimoja tu kikikataa kwa gafula, ni kiharusi mpaka hospitali iseme hapana. Kuko wengine macho yanaingia giza gafula, ao wanayumba kama waliokunywa, ao kichwa kinapasuka kwa maumivu ambayo hawajayaona tangu wazaliwe. Lakini mara nyingi hakuna maumivu yoyote, na hapo njo watu wanadanganyika. Wanasema, "Alale kwanza, kesho tutaona."

Tena kuko kile kinachokuja na kuondoka. Mkono unakufa ganzi dakika kumi, kisha unarudi. Watu wanashukuru Mungu, wanaendelea na kazi. Wandugu, hiyo ni hodi. Kiharusi kikubwa kinaweza kufuata kisha siku chache. Aliyepigwa hodi hiyo aende hospitali siku ileile, hata akijisikia muzima.

Sasa, kikianza, angalia saa. Hospitali itakuuliza kilianza saa ngapi. Mlaze kwa ubavu ili mate na matapishi yatoke nje. Usimpe maji, usimpe chai, usimpe maziwa, juu koo lake huenda halimezi sawa. Usimpe aspirini: kama mshipa umepasuka, unaongeza damu kumwagika. Usimpe dawa ya tansiyo ya jirani. Usimchanje ulimi wala vidole. Kama anajua kukaa, pikipiki inaweza kumbeba, na mtu mmoja nyuma wa kumshika. Kama hajitambui, tafuteni gari ao kipoyi.

Na maombi? Hatukuja hapa kupinga maombi, sisi wenyewe tunaomba. Lakini pasta anaweza kuomba akiwa nyuma kwenye pikipiki.

Mama mmoja alituuliza juma lililopita swali zuri, na tumjibu mbele ya wote: "Munatuambia tukimbie, tukimbilie nini? Hiyo hospitali iko na nini?" Tusidanganyane. Dawa ya kuyeyusha donge inatakiwa iingie mwilini ndani ya masaa manne na nusu, na kabla yake lazima kichwa kipigwe picha na mashine ambayo haiko karibu yetu. Lakini tunakimbia kwa sababu zingine. Sukari ikishuka sana kwenye damu inaweza kufanana kabisa na kiharusi, na hiyo inatibiwa kwa dakika chache. Malaria ya kichwani pia inachanganya watu. Hospitali itapima kama anajua kumeza, italinda pumzi, itashusha homa, na itamwanzishia dawa ili kisirudi mara ya pili.

Tuje kwenye tansiyo, kwa kuwa njo mama wa viharusi vingi. Wengi wetu tuliishi Nyarugusu, Lugufu, kambi zote zile ng'ambo ya ziwa. Kule karatasi ilikuwa na jina lako, mwisho wa mwezi unapewa vidonge bila kulipa. Tukapanda mashua kurudi kwetu, karatasi ikabaki kwenye begi, vidonge vikaisha, na hapa dawa ni ya kununua. Mtu anaona hana maumivu, anaacha. Dawa ya tansiyo si kama ya malaria ambayo unamaliza na kusema umepona. Ukiacha, inapanda tena kimyakimya. Kipimo kikifika 140 juu ya 90 mara kwa mara, uko na tansiyo, hata ukijisikia kijana.

Chumvi ya siku nzima isipite kijiko kimoja kidogo cha chai, na hapo hesabu ile iliyomo tayari ndani ya makayabo na ndani ya Maggi. Makayabo, yaloweke usiku na umwage maji. Lutuku na tumbako mnajua wenyewe. Wenye sukari wapimwe na tansiyo pia. Mama mwenye mimba akivimba uso, kichwa kikamuuma na macho yakaona nyotanyota, asingoje siku ya kupima mimba, aende leo. Na watoto wa SS, wao wanaweza kupata kiharusi wakiwa wadogo kabisa, kwa hiyo msiseme huu ni ugonjwa wa wazee.

Tunao pia wale waliobaki hai. Asiyejigeuza ageuzwe kila masaa mawili, mchana na usiku, la sivyo anaoza mgongo. Mkono uliolala unyooshwe na kukunjwa kila siku, polepole. Na jambo moja linatuuma: tunaingia nyumbani, mama yuko kitandani hajui kusema, na watu wanabishana mbele yake nani atarithi kiwanja. Anasikia. Wengi wao wanasikia kila neno.

Sasa ombi letu, mwenyekiti aliandike. Chama hiki kiko na sanduku la kilio. Mtu akifa, mbao zinanunuliwa, hema linapatikana, chakula kinapikwa, na hilo ni jema. Lakini kwa dawa sanduku haliko. Yule mzee wetu, sanduku lilimlipia jeneza. Vidonge halikumlipia hata kimoja. Tunaomba mkutano ujao uamue mambo mawili: sehemu ya mchango iwakopeshe dawa ya tansiyo wale wasiokuwa na uwezo, na feza ya pikipiki ya kukimbiza mgonjwa ibaki kwa mtu mmoja kila mtaa, usiku na mchana, bila kungoja sahihi tatu. Sisi kwa upande wetu, kila tutakayemkuta na kipimo cha juu tutarudi kwake kisha siku saba. Asipokwenda, tutaenda naye.

Mashine iko pale kwenye meza karibu na mlango. Kaeni kwanza dakika tano bila kusema, mguu usikae juu ya mguu. Tutapima mara mbili, tutaandika kwenye karatasi, na karatasi ni yako. Wazee kwanza, na bamama wenye mimba.