Kupata Nafuu Si Kupona

Somo: Wafilipi 2:25–30

Popote ulipo asubuhi hii, ukiwa jikoni unachochea moto, ama garini waenda kazini, ama umelala kitandani kwa sababu mwili hauna nguvu, nakuomba unipe dakika chache tulitazame Neno la Mungu pamoja.

Leo nataka kusema na watu wa namna mbili. Wa kwanza ni yule aliyeugua sana, akakaribia kaburi, na Mungu akamrudisha. Wa pili ni yule ambaye hakulazwa hospitali, lakini kazi imemla kidogo kidogo hata moyo wake umekauka. Wazee walisema, bandu bandu huisha gogo. Na mara nyingi watu hawa wawili ni mtu mmoja.

Katika makanisa yetu tunajua sana kumwombea mgonjwa. Akilazwa, tunakwenda kumwona, tunachanga fedha, tunaimba kando ya kitanda chake. Siku anapotoka tunamshukuru Mungu kwa shangwe. Lakini Jumapili ile ile ya shukrani, kabla hajaketi, mwenyekiti wa kamati amekwisha kumshika mkono: "Mama, sasa umepona. Kwaya inakungoja, na ile semina ya mwezi ujao tumekuandika." Naye, kwa kuwa anaona haya, na kwa kuwa anajiona ana deni la wema wetu, anajibu ndiyo. Baada ya miezi miwili yuko kitandani tena, nasi twaulizana, "Shetani ana nini na mama huyu?" Ndugu yangu, pengine si shetani. Pengine ni sisi.

Basi tumtazame Epafrodito. Kanisa la Filipi lilimtuma ampelekee Paulo msaada alipokuwa kifungoni, na katika utumishi huo akaugua. Paulo hafichi neno. Asema wazi kwamba mtu huyu alikuwa karibu kufa, na kwamba Mungu alimhurumia. Hasemi kwamba aliugua kwa kukosa imani. Tena asema Epafrodito alisumbuka sana moyoni kwa sababu watu wa nyumbani walikuwa wamesikia habari za ugonjwa wake. Ni wangapi wetu walio hivyo! Mwili unauma, lakini kinachotuuma zaidi ni kufikiri, "Watasema nini? Wataona nimeshindwa."

Sasa angalia alivyofanya Paulo. Yeye ni mfungwa. Anamhitaji mtu wa kumtumikia. Hata hivyo hasemi, "Kwa kuwa umepata nafuu, endelea." Anamrudisha nyumbani, na mkononi anampa barua. Katika barua hiyo anawaagiza Wafilipi wampokee kwa furaha yote, na wawaheshimu watu walio kama yeye. Barua ile ilikuwa ngao yake mlangoni, ili mtu yeyote asithubutu kumwuliza, "Mbona umerudi mapema?"

Msikilizaji mpenzi, kupata nafuu si kupona. Tuuchukue ugonjwa wa kifua kikuu kuwa mfano. Matibabu yake ya kawaida hapa kwetu huchukua miezi 6. Miezi 2 ya kwanza mgonjwa humeza dawa za aina 4, na miezi 4 inayofuata humeza za aina 2. Mara nyingi, hata kabla ya miezi ile 2 kwisha, kikohozi kimepungua, chakula kina ladha, na uzito unarudi. Hapo ndipo penye hatari. Mgonjwa hujiambia, "Mimi ni mzima," akaacha dawa. Kumbe wadudu wa ugonjwa wamebaki ndani. Ugonjwa huweza kurudi, na pengine ukarudi ukiwa umeizoea dawa, hata kuutibu kukawa kazi ngumu na ndefu zaidi. Yule anayemaliza miezi yake 6, ingawa anajisikia vizuri, si mwoga. Ni mtu mwenye hekima.

Basi kama ni hivyo kwa kifua, ni hivyo pia kwa nguvu za mtu na kwa moyo wake. Katika mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza habari za uchovu unaoletwa na kazi yenye mashaka mengi ya muda mrefu yasiyopata dawa. Halikuuita ugonjwa, bali hali inayotokana na kazi, na likataja dalili zake tatu. Ya kwanza, nguvu zimekwisha kabisa. Ya pili, mtu anaichukia kazi yake ama anaitazama kwa mbali, kana kwamba haimhusu. Ya tatu, anaona kwamba hafanyi tena lolote la maana. Mwalimu hujikuta hawapendi watoto aliowapenda. Muuguzi hupita kando ya kitanda bila kumtazama mgonjwa usoni. Naam, hata kasisi husoma maneno ya Ushirika Mtakatifu, midomo ikisema na moyo ukiwa mbali.

Mambo haya si mapya. Soma 1 Wafalme sura ya 19. Eliya alikuwa ametoka kwenye ushindi mkubwa juu ya mlima Karmeli, na mara akakimbilia jangwani, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe. Je, Mungu alimfanya nini? Hakumhubiria. Hakumkemea. Alimwacha alale. Kisha malaika akamwamsha ale mkate na kunywa maji. Akalala tena, akaamshwa tena, akala tena, kwa sababu safari iliyokuwa mbele ilimzidi nguvu. Ni baada ya usingizi na chakula, na baada ya mwendo wa siku 40, ndipo Mungu alipomwuliza habari za moyo wake na kumsikiliza. Mwisho akampa kazi, lakini hakumrudisha kuibeba peke yake. Alimpa Elisha, akamwambia pia kwamba wako watu 7,000 katika Israeli wasiomwinamia Baali. Eliya alidhani amebaki yeye tu. Uchovu humdanganya mtu hivyo.

Na hapa niseme neno moja kwako wewe uliyefika mahali pa Eliya, ambaye usiku unafikiri ni afadhali ufe. Usilinyamazie jambo hilo. Mwambie mtu mmoja unayemwamini leo hii, uende naye kwa daktari, umwambie na kasisi wako. Mungu aliyemtuma malaika na mkate hashindwi kumtuma muuguzi na dawa.

Sasa, mtu akiisha kuinuka, atajilindaje asianguke tena? Hapo ndipo tunapohitaji mipaka. Sisi watu wa mashamba twaijua mipaka. Ua wa miti kati ya shamba langu na lako si alama ya chuki. Ni kwa sababu ya ua huo mimi na wewe twaweza kusalimiana kila asubuhi bila ugomvi. Lakini mtu asiye na mpaka katika maisha yake, kila ng'ombe apitaye hula mahindi yake.

Yethro alimwona mkwewe Musa akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hata jioni, akamwambia kwamba jambo hilo si jema, maana atajichosha yeye na watu wake pia. Habari hii iko katika Kutoka 18. Musa hakusema, "Mzee, mimi nimeitwa na Mungu, wewe huelewi." Alisikia, akagawa kazi. Na Bwana Yesu mwenyewe, katika Marko sura ya 1, alitoka alfajiri kwenda kuomba mahali pasipo watu. Petro akamfuata na habari kwamba watu wote wanamtafuta. Haja zao zilikuwa za kweli, hata hivyo Bwana hakurudi. Akaenda vijiji vingine, maana alijua alitumwa kufanya nini. Kama Mwana wa Mungu hakufanya kila jambo aliloombwa na kila mtu, wewe ni nani hata ufanye?

Mwingine atasema, "Mchungaji, unatufundisha uvivu." La, hasha. Mvivu hukataa kazi aliyopewa. Mwenye hekima hukataa kazi asiyopewa, apate kuimaliza ile aliyopewa. Katika Wagalatia 6 Paulo atuagiza kuchukuliana mizigo, na mistari michache mbele asema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Yote mawili ni kweli. Shida yetu ni kwamba twatupa furushi letu juu ya mgongo wa ndugu na kuliita huduma. Kwa yule anayetazama tu, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Basi wewe unayetoka katika ugonjwa, jifunze kujibu kwa upole na kwa ufupi. Sema, "Asanteni kwa kunikumbuka. Daktari amenipa miezi mitatu ya kupumzika. Baada ya hapo tutazungumza." Usieleze sana, usiape, wala usidanganye ati una safari. Bwana alitufundisha kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo. Ndiyo moja uliyoitimiza ni bora kuliko ndiyo tano ulizozivunja. Tena rudi kwa hatua. Wiki hii nenda kanisani tu, uketi, uimbe, urudi nyumbani. Mwezi ujao chukua jambo moja dogo. Ukiona usingizi unatoroka na hasira inarudi, punguza bila kungoja kuanguka.

Lakini haki yanilazimu kusema neno jingine. Wako watu wasioweza kuweka mpaka peke yao. Mama mwenye watoto wanne na kisima kilicho mbali atapumzikaje? Kibarua anayelipwa kwa siku atapumzikaje? Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yasema mfanyakazi apate angalau siku 1 ya kupumzika katika kila siku 7, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka kwa malipo kamili. Tena, akiisha kufanya kazi miezi 2 mfululizo, akiugua na kuleta cheti cha daktari, ana haki ya siku 7 kwa malipo kamili na siku 7 nyingine kwa nusu malipo katika mwaka. Wengi hawaijui sheria hiyo, na wengine wanaijua lakini wanaogopa kufukuzwa.

Kwa hiyo nakuuliza wewe mwajiri Mkristo, na wewe mama mwenye msichana wa kazi nyumbani: yeye hupumzika siku gani? Katika Kumbukumbu la Torati 5:14 Mungu aliiweka sabato ili mtumwa na mjakazi nao wastarehe kama bwana wao. Tukienda ibadani na kumwacha binti wa watu akifua tangu alfajiri hata usiku, sabato yetu ina kilema.

Na ninyi wazee wa kanisa na akina mama wa chama, msiishie kwenye maombi ya hospitali. Mgonjwa akirudi nyumbani, pangeni zamu: Jumatatu huyu alete maji, Jumatano yule apike, Ijumaa mwingine awaangalie watoto. Andikeni katika daftari la kamati kwamba mtu huyu hataitwa kwenye kazi mpaka atakaposema mwenyewe. Hiyo itakuwa barua yenu ya Paulo.

Wala tusidhani kwamba Mungu hana kazi na mtu aliyepunguziwa nguvu. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, na mwaka ule ule akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Homa zilimsumbua mwenyewe, na mwaka wa 1853 alirudi Ulaya, afya yake ikiwa imevunjika. Hata alipojaribu kurudi pwani katika miaka ya 1860, mwili haukumruhusu kukaa. Lakini kule kwao Ujerumani, polepole, aliendelea na kazi ya lugha zetu. Alikufa mwaka wa 1881, na mwaka uliofuata kamusi yake kubwa ya Kiswahili ikachapishwa London. Hakuweza tena kutembea kutoka Rabai mpaka Ukambani, lakini aliweza kuketi mezani na kuandika. Mungu aliipokea kazi ile pia.

Basi, ndugu yangu, usione haya kwa kuwa leo unatembea polepole. Aliyekutoa katika mauti hakukutoa ili akuue kwa kazi.

Na tuombe. Ee Bwana, Baba yetu, wewe uliyemhurumia Epafrodito na kumlisha Eliya, wahurumie wote wanaotoka katika ugonjwa na wote waliochoka. Wape usingizi, wape chakula, wape rafiki. Wape ujasiri wa kukataa bila uchungu, na kukubali bila woga. Utufanye sisi kanisa lako kuwa mahali pa kupumzikia, tusiwe mzigo juu ya mzigo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.