Maneno ya Walioacha Tembo, Yaliyosemwa Siku ya Jubili



Tumepewa nafasi ya kusema siku hii ya furaha, nasi twaona haya kidogo, maana wengi wenu mwatujua. Mwajua ni nani kati yetu aliyelala mtaroni siku ya Krismasi, na ni nani aliyeuza mabati ya nyumba yake. Hatukuja kuyakana hayo. Majina yetu tu hayamo katika kitabu hiki, kama ilivyo desturi ya chama. Twataka kuwaeleza jinsi tulivyokipata kikao chetu cha Alhamisi, na jinsi tulivyochelewa kukipata. Maana katika kuchelewa huko tulizika wenzetu wawili.

Tulidhani dawa ya ulevi ni kiapo. Kila mmoja wetu ameapa mbele ya mkewe, mbele ya wazee, hata mbele ya padre, na kiapo kikadumu mpaka siku ya mshahara. Mangweni tulikuwa na wenzetu. Tulipoacha hatukuwa na mtu. Mlevi akiacha tembo hupoteza rafiki zake wote kwa siku moja, na jioni huwa ndefu sana.

Kazi hii haikuanza kwetu. Mwezi wa Mei mwaka 1935, Mmarekani jina lake Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alikuwa katika mji wa Akron, jimbo la Ohio. Alikuwa ameacha pombe miezi michache tu. Biashara yake ikaharibika, naye akasimama katika ukumbi wa hoteli akisikia kelele za wanywaji. Badala ya kuwaendea, aliiendea simu, akatazama orodha ya makanisa iliyokuwapo, akampigia kasisi mmoja, akasema anatafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Kasisi hakumcheka, alimpa majina ya watu, na kwa njia hiyo akafikishwa kwa Dakta Bob Smith, tabibu wa mji ule, ambaye naye alikuwa akiangamia. Tabibu alikusudia kukaa robo saa, wakazungumza mpaka usiku. Mwezi wa Juni akanywa mara ya mwisho, wala hakunywa tena mpaka kufa kwake mwaka 1950. Ndiyo asili ya chama cha Alcoholics Anonymous, ambacho kimeenea nchi nyingi, na Nairobi kimo.

Huko Nairobi ndiko alikokipata mmoja wetu, mwalimu, alipokuwa akitibiwa. Muuguzi alimwandikia mahali na saa katika kipande cha karatasi. Alifika mlangoni mara tatu, akarudi. Mara ya nne mvua ilimlazimisha kuingia. Alitazamia kuhojiwa; akapewa chai. Aliona ya kuwa hakuna ada: kofia hupitishwa, mwenye kitu hutia, asiye nacho humpa jirani yake. Sharti ni moja tu, kutaka kuacha. Mtu hutaja jina lake, hueleza habari zake, wala hakuna amkatizaye. Kisha mgeni hupewa namba ya simu ya mtu wa kumpigia anaposhikwa na kiu, kabla hajanywa. Mwenzetu hakupendezwa sana; alisema maneno yalikuwa mengi. Akarudi juma la pili kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kwenda saa kumi na mbili jioni. Sababu hiyo yatosha.

Aliporudi kwetu aliomba darasa la pili, ambalo madawati yake ni mafupi hata magoti yagusa kidevu. Majuma manne alikaa peke yake na taa. Wa kwanza kumfuata alikuwa mgema. Twamheshimu huyu kuliko wote, maana kila asubuhi hushika kibuyu cha tembo, na kazi nyingine hajapata. Mwingine wetu ameanguka mara tano. Kila mara nafasi yake ipo.

Tena kuna jambo la hatari. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka asikatishwe ghafula nyumbani, wala asifungiwe chumbani. Aweza kutetemeka, kupatwa na kifafa, kuona yasiyokuwapo, hata kufa. Apelekwe hospitali kwanza. Mmoja wa wale wawili tuliowazika alifungiwa na jamaa zake, nao walimpenda.

Jamaa za walevi wana chama chao wenyewe, Al-Anon, tangu mwaka 1951. Na tangu mwaka 2020, wakati wa korona, vikao vingi hufanywa hata kwa simu na intaneti. Aliye mbali asijione ametengwa.

Ninyi walimu, mkimwona mwenzenu akinuka pombe asubuhi, mwambieni faraghani: Alhamisi, saa kumi na mbili, darasa la pili. Mkimwona mtu akiingia humo, msimtaje sokoni. Na katika karamu ya leo, mtu akikataa tembo msimwulize sababu.

Alhamisi hii kikao kipo. Madawati yamechukuliwa kwa ajili ya wageni wa jubili, basi tutakaa mkekani.