Waliowapikia Waandamanaji

(Hotuba iliyosomwa baada ya chakula cha jioni katika mkutano wa ukoo, Atlanta, siku moja kabla ya ziara ya Alabama)



Kamati imeniagiza nieleze kwa ufupi habari za safari ya kesho, tutakapokwenda Montgomery na Selma. Habari za viongozi wa maandamano ya mwaka 1965 mtazisikia huko huko, kwani majina yao yameandikwa kwenye mawe. Mimi, niliyeshika mwiko katika mikutano yetu kwa miaka mingi, naomba nizungumzie wale waliowapikia.

Tarehe 7 Machi 1965, watu wapatao 600 walitoka Selma kwa miguu kudai haki ya kupiga kura, wakapigwa virungu na askari penye daraja la Edmund Pettus. Tarehe 21 Machi walitoka tena, mara hii wakiwa na ulinzi wa serikali kuu. Mwendo ulikuwa wa maili 54, siku tano, pamoja na mvua na tope. Mahakama iliamuru kwamba pale barabara inapokuwa nyembamba wasizidi watu 300. Walipoingia katikati ya Montgomery tarehe 25, walikuwa wamefikia kiasi cha 25,000.

Jiulizeni basi: watu 300 walio njiani hula nini? Chakula kilipikwa katika jiko la kanisa mjini Selma, kikatiwa ndani ya mapipa mapya ya bati, yale yauzwayo kwa ajili ya taka, kikapelekwa kambini kwa gari. Usiku wa kwanza walikula tambi na maharage. Walilala mahemani, katika mashamba ya watu weusi, akina David Hall, Rosie Steele na Robert Gardner, waliowakaribisha hali wakijua kwamba wageni wakishaondoka, wao watabaki pale pale na majirani wenye chuki.

Na Montgomery yenyewe ilikuwa na jiko lake tangu zamani. Watu weusi wa mji huo waligomea mabasi kwa siku 381, tangu Desemba 1955 hadi Desemba 1956. Bibi Georgia Gilmore, aliyekuwa mpishi mkahawani, alitoa ushahidi katika kesi ya Martin Luther King mwaka 1956, na kazi yake ikapotea. Akafungua jiko nyumbani kwake. Yeye na wanawake wenzake walipika keki na vyakula, wakauza, na fedha wakazitoa kusaidia magari yaliyowabeba wagomaji kwenda makazini. Kikundi chao walikipa jina lenye maana ya Klabu Isiyotoka Popote, ili anayeulizwa fedha zimetoka wapi aweze kujibu bila ya kusema uongo: hazikutoka popote. Wengi wao walikuwa watumishi majumbani mwa wazungu. Majina yao yangalijulikana, riziki zao zingalikatika.

Bibi huyo alifariki Machi 1990, katika siku za kumbukumbu ya miaka 25 ya maandamano, akiwa amekwisha kuwapikia watakaotembea. Chakula kile kile ndicho walichokula waliokuja kuhani. Sisi tunaojua matanga tunafahamu uzito wa jambo hilo.

Ndugu zangu, limeletwa pendekezo kwamba kuanzia mkutano ujao tununue chakula kilichokwisha kupikwa. Hoja zake ni za kweli: mama zetu wamechoka, na kupikia watu wengi si mchezo. Lakini naomba tutazame kilichotokea jana usiku. Matumbo mawili ya ukoo huu hayakusemezana kwa miaka mingi kwa sababu ya nyumba ya urithi, nanyi nyote mnaijua habari hiyo. Jana, watoto wa matumbo hayo mawili walikaa kwenye sinia moja wakimenya vitunguu thomu, kwa kuwa kazi ilikuwa kubwa na mikono ilikuwa michache. Hadi saa sita ya usiku wamekwisha kujua kwamba bibi zao walinyonya ziwa moja. Hakuna kikao cha suluhu kilichopata kufanya hayo. Tukinunua chakula, tutashiba. Lakini vitunguu hivyo vitamenywa na nani, na pamoja na nani?

Kwa hiyo nashauri hivi. Kila nyumba itoe mtu mmoja wa jikoni, mwanamume au mwanamke, na wazee wakae kwenye viti waelekeze. Na majina ya wapishi yachapishwe katika kijitabu hiki, kama yanavyochapishwa ya wasemaji.

Dini imetufunza kwamba kumshukuru Mwenyezi Mungu hakutimii bila ya kuwashukuru waja wake. Basi kabla sijakaa, naomba vijana wawili waende jikoni wawaite wale ambao hadi sasa wanaosha masufuria, waje hapa mbele, nasi tusimame kwa ajili yao.

Mwenyezi Mungu awalipe kheri, awarehemu waliotupikia wakatangulia, na atukutanishe tena tukiwa wazima.