Mtoto Mchanga na Baridi Yetu



Baridi yetu ya mwezi wa 6 na wa 7 tunaijua. Sakitu ikianguka, majani ya viazi yanaungua. Je, mtoto aliyezaliwa jana?

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au mwenye uzito chini ya kilo 2 na nusu, hana mafuta ya kutosha mwilini. Anapoa upesi. Akipoa, hana nguvu ya kunyonya. Asiponyonya, anazidi kupoa. Akifa tunasema karogwa. Hakurogwa, ndugu zangu. Alipoa.

Hospitali yenye wodi ya watoto wachanga mahututi ina vifaa vya kumtunza. Kuna kitanda chenye joto. Kuna mashine ya kusukuma hewa puani ili mapafu yasijifunge. Kuna taa ya buluu ya kumtibu mtoto wa manjano. Asiyeweza kunyonya hulishwa maziwa ya mama yake kwa mpira mwembamba.

Lakini dawa nyingine tunayo wenyewe: kifua cha mama. Mtoto abaki na nepi, kofia na soksi tu. Afungwe kwa khanga kifuani, ngozi kwa ngozi. Njia hii ilianza mwaka 1978 huko Bogotá, nchini Colombia, kwa sababu mashine hazikutosha. Inaitwa njia ya kangaruu, mnyama anayebeba mwanawe mfukoni tumboni. Mama akichoka, baba apokee. Na yeye ana kifua!

Sasa, tukimbie hospitali lini? Mtoto akikataa kunyonya. Akipumua mbio, mara 60 au zaidi kwa dakika. Akipata degedege. Mwili ukiwa wa baridi au wa moto sana. Akiwa wa manjano mpaka kwenye nyayo. Usingoje kuche. Piga simu namba 115, haina malipo, uombe gari.

Kutoka Makambako mpaka Njombe ni kilometa kama 60. Ni mwendo mrefu kwa mtoto mgonjwa. Basi njiani akae kifuani, koti juu, na kama anaweza, anyonye.

Neno la mwisho: usiweke jiko la mkaa chumbani umefunga madirisha. Hewa yake inaua mtoto na mama pia.

Tukitoka hapa, kila mmoja amwambie jirani yake.