Kijana Msomi na Amana ya Silaha

(Hotuba iliyotolewa mjini Sumbawanga mbele ya vijana waliomaliza kidato cha sita pamoja na wazazi wao)



Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, akina mama, na ninyi vijana ambao maneno haya yamekusudiwa hasa kwenu:

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha hapa katika hali ya afya na amani. Nimeombwa niseme juu ya jambo linalozungumzwa sasa katika nyumba nyingi za Ufipa. Kijana amemaliza mtihani wa kidato cha sita, anangoja nafasi ya chuo kikuu, na jina lake limetoka katika orodha ya Jeshi la Kujenga Taifa. Hapo huzuka maswali matatu. Kijana huuliza: je, yawezekana kusoma chuo kikuu na papo hapo kufundishwa uofisa wa jeshi? Mwenzake huuliza: je, kukaa kambini si kupoteza wakati wa masomo? Na mzazi huuliza kwa sauti ya chini: nimesikia yuko mtu awezaye kumwingiza mwanangu jeshini kwa malipo, je, nimpe?

Nitayajibu yote, Inshallah. Lakini kwanza yatupasa tujue jeshi hili na wasomi wetu wametoka wapi.

JESHI LILILOKUWA NA MAOFISA WAGENI

Ndugu zangu, nchi yetu hii ya Ufipa iliona vita vya wageni mlangoni pake. Huko Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, ndipo ilipokuwa ngome ya Wajerumani waliyoiita Bismarckburg, nayo ilitekwa na majeshi ya Waingereza mwezi Juni 1916. Na vita ile ya kwanza ya dunia, kwa upande wa Afrika Mashariki, ilikwisha jirani zetu ng'ambo ya mpaka, mji uitwao leo Mbala, ambako Jenerali von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918. Katika miaka ile babu zetu walikuwa askari na, wengi zaidi, wapagazi wa kubeba mizigo ya jeshi. Aliyetoa amri alikuwa Mzungu, upande huu na upande ule.

Mambo yakaendelea hivyo hivyo chini ya Waingereza. Mwafrika katika jeshi la KAR aliweza kupanda mpaka usajini meja, na katika miaka ya 1950 kikaongezwa cheo cha efendi, ambacho bado kilikuwa chini ya ofisa kamili. Uhuru ulipokuja mwaka 1961, jeshi lilibadilishwa jina likaitwa Tanganyika Rifles, lakini maofisa wake wengi walibaki Waingereza. Vijana wetu waliokwisha pata mafunzo ya uofisa, kama Mrisho Sarakikya aliyesomea Sandhurst huko Uingereza, walikuwa wachache mno.

Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, ambayo leo twaijua kwa jina la Lugalo, waliasi. Walidai nyongeza ya mshahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Hapana shaka dai la kuwa na maofisa wananchi lilikuwa na haki ndani yake. Lakini walilidai kwa mtutu wa bunduki, wakawafunga wakubwa wao, mji ukaingia ghasia na watu wakapoteza maisha. Serikali changa ikalazimika kuwaomba Waingereza msaada wa kuwanyang'anya silaha askari wake yenyewe. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na Sarakikya akawa mkuu wake wa kwanza.

WASOMI WA MWAKA 1966

Msidhani kwamba wasomi walikuwa watu wa namna nyingine. Miaka miwili tu baadaye ukafika mtihani wao.

Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwa limeanzishwa tarehe 10 Julai 1963. Mwaka 1966 Serikali ikaamua kwamba wahitimu wa vyuo watumikie miaka miwili: miezi ya kwanza kambini, na muda uliobaki katika kazi zao za kawaida kwa mshahara pungufu. Wanafunzi wa Chuo Kikuu waliona wameonewa. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana Dar es Salaam, na bango moja likathubutu kusema kwamba afadhali hata enzi za ukoloni. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akawafukuza zaidi ya mia tatu na kuwarudisha makwao.

Lakini tazameni alichofanya pamoja na hilo. Wanafunzi walikuwa wamesema kwamba wakubwa wanajipatia mishahara minono huku wakiwahubiria wengine kujinyima. Mwalimu aliona ukweli wa neno hilo, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na ya mawaziri ikapunguzwa pia. Wengi wa wanafunzi wale walirejeshwa chuoni baadaye, na kati yao wakatoka watumishi wema wa taifa.

Nimeyaweka matukio haya mawili pamoja kwa makusudi. Askari wa 1964 na wanafunzi wa 1966 walikuwa na neno la haki kila mmoja, na kila mmoja aliharibu neno lake. Askari walisahau kwamba silaha waliyoishika ni ya wananchi. Wanafunzi nao walisahau kwamba elimu waliyoipata ililipiwa na wananchi, miongoni mwao wakulima wa Ufipa ambao watoto wao wengi hawakuiona hata shule ya kati. Silaha ni amana, na elimu ni amana. Dini yetu inatuamuru kuzirudisha amana kwa wenyewe, na mwenye amana zote mbili hesabu yake ni kubwa zaidi.

NJIA ZILIZOPO LEO

Sasa nalijibu swali la kwanza. Ziko nchi ambazo mwanafunzi wa chuo kikuu husoma shahada yake ya kawaida, na katika siku maalumu za juma na wakati wa likizo hufundishwa uofisa. Uingereza wanao utaratibu wa mafunzo ya namna hiyo vyuoni tangu mwaka 1908, na Marekani tangu 1916. Hapa Tanzania utaratibu wetu ni mwingine, na kijana asidanganyike.

Kwanza ni mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria. Zamani wahitimu walikaa kambini mwaka mzima, na kwa Azimio la Musoma la mwaka 1974 walipaswa pia kufanya kazi kabla ya kwenda chuo kikuu. Utaratibu wa JKT ulisimamishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013, na sasa muda ni miezi mitatu. Mkoa wetu una kambi za Luwa na Milundikwa. Mafunzo haya ni ya uraia, ukakamavu, kazi za mikono na misingi ya ulinzi. Hayamfanyi mtu ofisa, wala hayampi ajira. Akimaliza, kijana anarudi nyumbani na kwenda chuoni.

Pili ni JKT kwa kujitolea, ambayo ni ya muda mrefu zaidi. Huko vyombo vya ulinzi na usalama huweza kuchukua askari wapya, lakini hata huko hakuna ahadi ya ajira.

Tatu ni uofisa wenyewe, na mlango wake ni Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli, mkoani Arusha. Kilianza Dar es Salaam mwaka 1969, kisha kikahamia Monduli. Huko kijana aliyechaguliwa na Jeshi huitwa ofisa mwanafunzi, na akifuzu hutunukiwa kamisheni na Rais, Amiri Jeshi Mkuu, akawa Luteni Usu. Katika miaka ya karibuni chuo hicho, kwa kushirikiana na Chuo cha Uhasibu Arusha, kimekuwa kikitoa pia Shahada ya Sayansi ya Kijeshi ya miaka mitatu. Basi aliyeuliza kama yawezekana kusoma shahada na kuwa ofisa kwa pamoja, jibu ni ndiyo, lakini ni kwa aliyekwisha kuingia jeshini na kuchaguliwa. Aliye chuo kikuu cha kawaida amalize kwanza, kisha aombe nafasi zinapotangazwa.

Njia hii ya pili si ngeni. Rais mstaafu Jakaya Kikwete alihitimu uchumi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1975, ndipo akapata mafunzo ya uofisa Monduli. Alilitumikia Jeshi hata akafika cheo cha Luteni Kanali, akastaafu mwaka 1992 ulipoingia mfumo wa vyama vingi.

Ama swali la pili, kwamba miezi mitatu ni kupoteza wakati, ninyi watoto wa wakulima mnalo jibu shambani. Wazee wetu wa Ufipa walipolima matuta ya intumba walifukia majani chini ya udongo mvua zilipokuwa zinakwisha, wakayaacha yaoze. Mpita njia angedhani nyasi zimepotea bure. Lakini msimu uliofuata tuta lilipotawanywa, ulezi ulikula nguvu ya majani yale. Kuamka kabla ya jua, kulala chumba kimoja na kijana wa Lindi na wa Kagera, kushika jembe ukiwa na cheti cha daraja la kwanza mfukoni, hayo ni majani yanayofukiwa.

UTII NA KUULIZA

Liko jambo moja zito ambalo sipendi kulificha. Kambi humfundisha kijana kutii, na chuo kikuu humfundisha kuuliza. Siku moja mambo haya mawili hukutana ndani ya mtu mmoja.

Mfano wake ni Colin Powell wa Marekani, mtoto wa wahamiaji kutoka Jamaika. Alisoma jiolojia katika City College ya New York na papo hapo akafundishwa uofisa, na mwaka 1958 akapata shahada na kamisheni. Akapanda mpaka kuwa mkuu wa wakuu wa majeshi, kisha waziri wa mambo ya nje. Tarehe 5 Februari 2003 alisimama mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, akaieleza dunia kwamba Iraki inazo silaha za maangamizi. Mwezi uliofuata vita ikaanza. Silaha zile hazikupatikana, na maelfu kwa maelfu ya watu wasio na hatia walikwisha kufa. Mwaka 2005 Powell mwenyewe alikiri hadharani kwamba hotuba ile ni doa katika maisha yake.

Ndugu zangu, mtu yule hakukosa elimu wala hakukosa nidhamu. Basi kijana anayetamani nyota begani ajue kwamba siku ya mtihani wake huenda isiwe siku ya kupiga risasi. Huenda ikawa siku ya kupewa karatasi aisome mbele ya watu. Hapo ndipo elimu yake itakapotakiwa: kuuliza mapema, kwa adabu, kwa wakubwa wake, na kwa njia iliyo halali, kabla neno halijatoka na damu haijamwagika. Waasi wa 1964 waliuliza kwa bunduki. Mwingine haulizi kabisa. Njia iliyo bora iko katikati, nayo ni ngumu kuliko zote mbili.

TAHADHARI KWA WAZAZI

Sasa nawageukia wazazi, kwa swali la tatu. Nafasi ya jeshi haiuzwi. Si ya JKT, si ya JWTZ, si ya Monduli. Jeshi lenyewe limetangaza mara kwa mara kuwatahadharisha wananchi juu ya matapeli wanaojifanya maofisa, wanaotuma ujumbe wa simu na kudai fedha za fomu, za vipimo, au za kumpa mkubwa fulani. Mzazi anauza ng'ombe, anauza magunia ya mahindi aliyoyavuna kwa jasho la mwaka mzima, na simu ile haipokelewi tena.

Lakini hebu tuseme mtu huyo si tapeli, na nafasi ikapatikana kweli kwa fedha. Je, mmemwombea mwanenu heri? Mtoto huyo ataingia mahali pa kuapa akiwa ameingia kwa rushwa. Atashika silaha ya wananchi akiwa amemnyang'anya nafasi mtoto wa mjane aliyestahili. Hiyo ni dhuluma, na chumo la dhuluma halina baraka hata likivaa sare.

Vilevile msiwafiche watoto. Aliye na ugonjwa aseme mapema na achukue vyeti vyake vya hospitali. Walio na ulemavu wa kuonekana wamekuwa wakielekezwa kambi ya Ruvu, mkoani Pwani, yenye miundombinu inayowafaa. Na ninyi mlio jirani na kambi zetu, wakumbukeni vijana wanaoletwa huku kutoka pwani katika miezi ya Juni na Julai. Mji wetu uko mita zipatazo 1,800 juu ya bahari, na baridi ya Mbizi hawajaijua. Mzee akimpa mmoja wao sweta kuukuu, amelinda nchi.

NENO LA MWISHO KWA VIJANA

Vijana wangu, nendeni mlikoitwa. Mtoto wa Kifipa aliyefundishwa kuchuchumaa na kupiga makofi anapomsalimu mzee hatashindwa na heshima ya kambini. Shikeni sala zenu, na mheshimuni mwenzenu anayeabudu kwa namna nyingine, maana mtalala hema moja na kunywa maji ya dumu moja. Mkirudi, fungueni vitabu. Atakayependa uofisa angoje tangazo, aombe kwa jina lake na kwa vyeti vyake, na akikosa asione haya. Mwalimu wa hisabati wa Laela na daktari wa Namanyere nao wanailinda nchi hii.

Na atakayepata, siku Amiri Jeshi Mkuu atakapomtunuku kamisheni, akumbuke kwamba kiapo kile kimesikiwa kwanza na Mwenyezi Mungu, kabla ya wote waliokuwapo uwanjani.

Mwenyezi Mungu awaongoze vijana wetu, awape elimu yenye manufaa na mikono yenye uaminifu, na ailinde nchi yetu katika amani. Amin.

Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.