Mama Akinyamaza Katika Mkutano

Leo nawaletea habari ya filamu moja ya Uswisi.

Jina lake ni Die göttliche Ordnung, maana yake Utaratibu wa Mungu. Ilitoka mwaka 2017, na aliyeiongoza ni mwanamke, Petra Volpe. Hadithi yenyewe ni ya mwaka 1971. Mtashangaa: nchi ile tajiri, na wanawake walikuwa bado hawapigi kura ya taifa! Kwetu akina mama walipata haki hiyo mwaka 1967.

Nora ni mama wa kijiji cha milimani, ana watoto wawili. Anataka kazi. Hans, mume wake, anakataa, na sheria ya wakati ule ilimpa nguvu ya kukataa. Tusiwacheke. Sheria yetu ya jamaa ya mwaka 1987 nayo ilimdai mke kibali cha mume, ikageuzwa mwaka 2016 tu.

Lakini Hans si mtu mbaya. Anampenda mke wake. Anachoogopa ni maneno ya wanaume wenzake. Nawaomba ninyi wababa mmtazame vizuri Hans huyo, maana ninamjua, na ninyi mnamjua.

Siku moja Nora anasimama mbele ya kijiji kizima kueleza kwa nini wanawake wapige kura. Wanaume wanamzomea. Na anayempinga kwa ukali ni mwanamke pia, mkubwa wa kazi, mwenye cheo na sauti. Baadaye akina mama wanagoma, wanaacha nyumba zao na kulala pamoja mahali pamoja. Wababa wanabaki na sufuria na watoto. Siku zile mama mzee Vroni, aliyekuwa pamoja nao, anafariki. Kwenye maziko mchungaji anasema marehemu aliridhika na hali yake. Nora anasimama kanisani na kukana: haikuwa hivyo.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo. Vroni alisemewa na mtu ambaye hakumwuliza.

Wanaume wa Uswisi walikubali tarehe 7 Februari 1971, karibu 66 katika kila mia. Lakini katika jimbo moja dogo, Appenzell Innerrhoden, ambako watu hupiga kura uwanjani kwa kuinua mkono mbele ya wote, wanaume walikataa tena hata mwaka 1990. Mahakama kuu ya nchi ndiyo iliyowalazimisha mwaka ule ule.

Sasa tuje kwetu. Shefu anaita mkutano: vyoo vijengwe wapi, chakula kigawanywe saa ngapi, njia ya kurudi kijijini ni salama au hapana. Anauliza, « Kuna mwenye neno? » Akina mama wamekaa nyuma, kimya. Anaandika: wote wamekubali. Lakini anayekwenda kutafuta kuni na maji ni nani? Anayejua kichaka kipi kina watu wenye silaha ni nani? Mama alijua. Ila mume wake alikuwa amekaa mbele, na wanaume wangecheka.

Shefu, Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 14, inataka wanawake wawe na nafasi sawa katika uongozi. Usimweke mama mmoja tu kwenye komite, kwani mmoja atazomewa kama Nora. Weka wengi. Kabla ya mkutano mkubwa, waache akina mama wakae peke yao, wachague wenyewe wa kuwasemea, na huyo aseme kwanza, kabla ya wazee.

Nawe papa, mama akichelewa mkutanoni kesho, nani atawasha moto?