Ndugu wa ng'ambo ya mpaka

Leo tusafiri pamoja hadi Xishuangbanna, kusini-magharibi mwa China, kwenye mpaka wa Laos na Myanmar.

Mjini Jinghong utaona vibao vimeandikwa kwa Kichina na kwa maandishi ya Wadai. Panda treni iliyofunguliwa mwaka 2021, uvuke mpaka: kaskazini mwa Laos utakuta watu wa lugha ile ile, wanaoitwa Walue. Mwezi wa nne, pande zote mbili wanamwagiana maji kwa furaha ya mwaka mpya.

Je, Mdai kwa kuwa ana ndugu ng'ambo, si raia wa China? Ni raia. Tena sheria ya mwaka 1984 inataka mkuu wa serikali ya jimbo lile awe Mdai.

Lakini tusidanganyane. Sheria hiyo haimhusu katibu wa chama, naye ndiye mwenye neno la mwisho. Cheo bila mamlaka ni kiti kitupu.

Basi wewe unayenisikiliza, usimwite jirani yako mgeni kwa ajili ya lugha yake. Uliza sheria inasema nini. Kisha uliza kama inafuatwa.